Msiba wa Friji ya Chanjo

Juzi alikuja binti mmoja muuguzi kunisalimia. Shikamoo, marahaba, akakaa, akatoa simu akanionyesha picha ya friji yao mpya ya chanjo, ile inayotumia jua. Akasema, "Bibi, hii ikipata joto kidogo tu inalia yenyewe." Nilicheka mpaka miwani ikadondoka. Friji yangu mimi ilikuwa hailii hata siku moja. Mwenye kulia nilikuwa mimi.

Basi sogeeni, wajukuu zangu wa sindano, niwaambie tulivyokuwa tunafanya kazi hiyo mnayoifanya ninyi mkiwa mmekaa kwenye viti vya kuzunguka. Mimi ndiye Mama Skola, Mmakua wa Lukuledi, na miaka yangu mingi ya kazi niliimalizia kwenye zahanati moja kule juu, kwenye uwanda wa Wamakonde. Kijiji sikitaji, maana wahusika wengine bado wapo na mmoja sasa anaongoza kwaya. Halmashauri nayo siitaji. Nina pensheni ya kulinda.

Friji yetu ilikuwa ya mafuta ya taa. Chini kuna kitangi na utambi, unawasha moto, na ule moto ndio unaoleta baridi. Msiniulize vipi. Akina mama wa kijiji waliniuliza miaka yote, nikawa najibu, "Ni mambo ya kitaalamu," kwa sura ya mtu anayejua. Mzee mmoja alikaa mbele yake asubuhi nzima, mkono mmoja ameuweka chini kwenye joto na mwingine ndani kwenye barafu, akaondoka bila kuaga.

Aliyenifunda ni Sista Bernadeta, kule Masasi. Hakuwa mtawa, ila wauguzi wakubwa wote tuliwaita sista. Huyu mama alikuwa mfupi, mkali, na anatembea na wembe mfukoni kwa ajili ya kunyoosha utambi. Alisema muuguzi wa chanjo anajulikana kwa vumbi la tumboni. Maana yake ni kwamba kila asubuhi unalala kifudifudi sakafuni, unachungulia moto. Ukiwa wa bluu, umsifu Mungu, unyanyuke. Ukiwa wa njano, utambi umepinda au mafuta ni machafu, na wewe siku yako imeharibika. Alinifundisha pia kuweka glasi ya maji juu ya friji kuona kama imekaa sawa, na kuweka kibao chini ya mguu ikiwa imeinama. "Friji hii haiinamishwi," alisema. "Ukiiinamisha umeiua, na mimi nitakuua wewe." Neno hilo mlishike, tutalirudia.

Wiki yangu ya kwanza kule juu nilipandisha utambi sana, nikafunga mlango nikaenda kunywa uji. Nilivyorudi chumba kizima kilikuwa masizi. Nikajitosa kufuta, nikajifuta na uso kwa mikono ile ile, kisha nikatoka nje kuwakaribisha akina mama wa kliniki. Watoto walitimua mbio. Walidhani ni lipiko, yule mchezaji wa kinyago, ametoka porini bila ngoma. Mama mmoja alikimbia akamwacha mtoto kwenye mizani ananing'inia. Tangu siku hiyo mtani wangu mkubwa pale kijijini, Mzee Likwata, hakunipa nafasi ya kupumua.

Mzee Likwata alikuwa mkulima wa korosho na mpiga ngoma, mrefu, mwembamba, na mdomo wake haukuwa na likizo. Yeye Mmakonde, mimi Mmakua, basi ni watani, na ninyi mliokulia mjini huenda hamjui uzito wake. Mtani anakutukana mbele za watu na huruhusiwi kukasirika. Anaweza kuingia jikoni kwako akabeba kuku. Na ukifiwa ndiyo balaa, kwa sababu watani ndio wanaokuja kuvuruga msiba: wanalala kaburini, wanaigiza maringo ya marehemu, wanazuia jeneza lisipite mpaka wapewe chochote. Watu wanacheka huku wanalia, na hiyo ndiyo kazi yao.

Msimu wa korosho ukifika, Mzee Likwata alikuwa anakuja zahanati na chupa ya uraka, ile pombe ya mabibo, ameificha ndani ya koti. "Mama Skola," anasema, "huyu mwanangu ana homa. Naomba umlaze kwenye baridi."

"Mwanao ananuka pombe, baba."

"Amerithi kwa mama yake, alikuwa Mmakua."

Nilimkatalia miaka na miaka. Kwenye friji ya chanjo hakiingii kitu kingine, hata soda ya mkuu wa wilaya. Hilo nalo mlishike.

Sasa ikaja ile miaka ya ruksa. Mliozaliwa baadaye mnaisikia tu. Ghafla maduka yalijaa. Sabuni ya kila rangi, mitumba, redio, biskuti, na mafuta ya taa unauziwa na mtu yeyote mwenye pipa. Kwenye duka kila kitu kilikuwepo na kwenye zahanati kila kitu kilikuwa kinaondoka. Kwanza aliondoka mlinzi, akapunguzwa. Akafuata mfagiaji, nikawa nafagia mwenyewe. Gari la chanjo likawa halionekani, na tukiuliza tunajibiwa neno moja tu, fungu. Gari halina fungu. Pamba haina fungu. Nilianza kudhani Fungu ni mtu, mzee fulani mkaidi aliyejifungia huko wilayani na funguo za stoo.

Halafu akaja bwana mmoja wa halmashauri, kwa pikipiki, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Nitamwita Bwana Mipango. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa kijana mpole amebebeshwa maneno ya wenzake. Alikunywa maji, akasema, "Mama, mafuta ya friji hayapo tena."

"Yamechelewa?"

"Hayapo. Yamefutwa. Friji ikizima, chanjo zitatolewa wilayani tu. Akina mama wazifuate huko."

Kwa mguu, wilayani ni mwendo wa kutwa. Mama ana mtoto mgongoni, mwingine tumboni, shamba linamsubiri, na hela ya kumlipa mwenye lori hana. Nilijua wataenda wachache. Wenye maduka wangepanda lori. Wale wengine wangesema mwezi ujao, na mwezi ujao wangesema hivyo hivyo, na surua haisubiri mwezi ujao. Pale nje, kwenye foleni, alikuwa amekaa Zuwena na kitoto chake cha kike. Mtoto wake wa kwanza alikufa kwa surua kabla mimi sijahamia pale. Huyu wa pili alikuwa bado hajafikia umri wa sindano ya surua, na Zuwena alikuwa ananiuliza kila akija, "Bado tu, Mama Skola?" utafikiri mimi ndiye ninayechelewesha miezi.

Alisikia kila neno. Bwana Mipango alipoondoka aliniuliza, "Hii friji inakula mafuta kiasi gani?" Nikamwambia. Akambeba mtoto akaenda zake. Kliniki iliyofuata alikuja na koroboi yake ya nyumbani, akaikamua yote kwenye kitangi changu. Nikamwambia, "Na wewe utawasha nini?" Akasema, "Mimi nikiwa gizani nakijua kitanda changu kilipo." Mwenzake akaona, naye akaja na yake. Ikawa ndiyo desturi: mama, mtoto na koroboi. Hakuna mkutano ulioitishwa, hakuna kamati. Kijiji kikawa kinakula chakula mapema, kabla jua halijazama, kisha kinabaki gizani ili moto wangu uwake. Watoto waligongana vichwa. Mzee Likwata alidai amelala kwa jirani kwa bahati mbaya, na mke wake akasema bahati hiyo imemtokea mara nyingi mno.

Sasa mafuta ya ruksa nayo yalikuwa ya ruksa kweli. Mengine yalichanganywa na maji, mengine na sijui nini. Siku moja moto ulianza kutapatapa. Nikasafisha kitangi, nikanyoosha utambi, nikapiga brashi bomba la moshi, nikalala kifudifudi mpaka kifua kikaniuma. Moto ukarudi kuwa bluu kabisa. Ila ndani, joto. Nilikimbiza chanjo kwa baiskeli, kwenye kasha la barafu, mpaka misheni, wakanihifadhia. Friji yangu nikaiwasha siku zote zilizofuata, ikawa inawaka vizuri na haipoi. Ilikuwa imekufa na macho wazi.

Bwana Mipango alirudi. Akaipapasa, akatikisa kichwa. "Pole, Mama. Basi kituo cha chanjo hapa kimefungwa. Friji irudishwe wilayani, ni mali ya serikali, lazima ifutwe rasmi."

"Mtaleta gari?"

Akaangalia viatu vyake. Nikamwambia, "Nimeelewa. Gari halina fungu."

Yaani tuibebe wenyewe. Nilikasirika mpaka nikakosa matusi. Zuwena aliketi chini akalia waziwazi, mtoto naye akaanza, na mimi nikawa wa tatu. Hapo ndipo Mzee Likwata alipojitokeza, amejifunga kaniki kiunoni mithili ya mjane. Akaizunguka ile friji taratibu. Akauliza kwa sauti ya msibani, "Marehemu ni mtoto wa nani?"

Akanionyesha kidole. "Huyu ndiye mama yake. Amemlea, amemlisha, amemlalia sakafuni. Kwa hiyo marehemu ni Mmakua. Na sisi Wamakonde ni watani wake. Maiti ni yetu."

Watu walianza kucheka huku machozi hayajakauka. Wanaume wakaleta machela, ile ya miti tunayobebea wagonjwa. Nikasimamia ili iwekwe vizuri, nikawa natoa amri kama Sista Bernadeta, isimame wima, isiinamishwe. Mzee Likwata akaniangalia kwa huruma. "Mtani, Wamakua mnaringa hata mkifa. Mnataka kichwa kiwe juu. Huyu ataenda kichwa chini, miguu juu, mpaka wilayani."

Nikagomba. Nikasema haki ya Mungu hamtaiinamisha. Wakaipindua palepale, miguu ikaangalia mbinguni, wakaifunga kamba, wakaitupia kanga ya Zuwena juu kwa kufunika uchi. Kwa mila yetu mtani akishashika maiti huna la kusema. Nikajipa moyo kwamba imeshakufa, na aliyekufa huwezi kumuua tena.

Tukaondoka alfajiri iliyofuata. Jamani, ule msafara. Ngoma mbele, machela katikati, mimi nyuma nimefunika kichwa kama mama mfiwa, maana nilishaamua liwalo na liwe. Mzee Likwata anaongoza maombolezo aliyoyatunga njiani: marehemu alikuwa mnene, alikuwa mweupe, alikula mafuta peke yake asimpe mtu. Wabebaji wanapokezana. Kila kijiji tunachopita watu wanatoka, wanavua kofia, wanauliza nani amefariki. Mwanamke mmoja wa Mnyambe, aliyekuwa anakwenda kusalimia ndugu, alijiunga na kulia kwa uchungu mkubwa. Tulipumzika kwenye kivuli ndipo akaona ile miguu minne. Alitutazama mmoja mmoja, akasema, "Sasa nimeshalia, siwezi kuyarudisha," akaendelea na safari.

Na msibani watu hawaji mikono mitupu. Walipojua marehemu ni nani na ameuawa na nini, wakatoa rambirambi wakiwa wanacheka, na rambirambi yenyewe ikawa mafuta ya taa. Kichupa cha dawa ya kikohozi, nusu koroboi, kibuyu. Zuwena alikuwa anapokea na kumimina kwenye dumu, anashukuru kwa heshima zote za matanga.

Wilayani tulifika jua linaelekea kuzama. Ofisi imefungwa. Tukaisimamisha friji barazani, wima sasa, ngoma ikanyamaza, wengine tukalala palepale, wengine kwa ndugu na jamaa. Asubuhi mapema, kabla ofisi haijafunguliwa, Mzee Likwata akaagiza marehemu awashiwe taa ya mwisho. Nikalala kifudifudi kwenye baraza ya serikali, nikachungulia. Bluu. Mazoea tu, sikuwa na tamaa yoyote.

Bwana Mipango alichelewa kuja, na alipofika alikuta baraza imejaa watu. Akaanza kueleza utaratibu. Watani wakajipanga mlangoni na kutangaza kuwa maiti haikabidhiwi mpaka wao walipwe, na malipo ni mafuta ya mwaka mzima. Majadiliano yakawa marefu, yeye anasema fungu, sisi tunasema msiba, mpaka adhuhuri ikapita. Mzee Likwata koo likamkauka. Akaenda kwenye friji, akafungua mlango, akatoa chupa. Kumbe tangu asubuhi, wakati mimi nimelala chini nachungulia moto, yeye juu alikuwa ameshamlaza mwanawe mwenye homa.

Akapiga funda. Akaitazama chupa, akaitazama friji. Akamkabidhi chupa Bwana Mipango, taratibu, kwa mikono miwili. "Onja, bwana."

"Niko kazini, mzee."

"Onja."

Akaonja. Akaniangalia mimi. "Mama, hii ni ya baridi."

Niliingiza mkono ndani ya friji, nikakaa hivyo, mkono ndani, naogopa kuutoa. Ilikuwa baridi kweli. Miaka mingi baadaye fundi mmoja wa misheni aliniambia kwamba ile dawa iliyomo kwenye mabomba wakati mwingine huziba sehemu moja, na tiba yake ni kuipindua friji kichwa chini, kuitikisa, kisha kuiacha isimame itulie. Nilimwambia tiba hiyo tunaifahamu, tunaiita kumzika Mmakua.

Vigelegele vilipoisha, Bwana Mipango alikohoa. Akasema kama friji ni nzima, basi ni mali inayofanya kazi, na wilayani hapa kuna upungufu, kwa hiyo ingefaa ibaki. Alilisema kwa aibu, lakini alilisema. Niliuona uso wa Zuwena ukizima. Kutembea kote kule, kucheka kote kule, na tungerudi mikono mitupu kwa sababu friji imepona.

Zuwena ndiye aliyesogea. Akauliza kwa upole, "Samahani kaka, wewe kwenu ni wapi?"

"Masasi," akasema. "Myao."

Sijui kama mnaweza kuelewa kelele iliyopigwa. Myao. Mtani wetu sote, Wamakonde na Wamakua, alikuwa amesimama mbele yetu siku nzima kwa suruali ya kupiga pasi akijifanya serikali. Mzee Likwata alimshika bega, akamketisha kwenye machela. "Mtani," akamwambia, "umehudhuria msiba wetu, umekunywa pombe ya msiba, na rambirambi hujatoa. Na sasa unataka kubaki na maiti."

Yule kijana alijitahidi kushika sura ya ofisi. Ikamshinda. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa tai. Zuwena akasema, bila kucheka, "Kaka, sisi miezi yote hii tunakaa gizani ili huu moto uwake. Hatukuomba fungu. Tuachie tu tuendelee kukaa gizani." Hapo kicheko chake kikakatika. Alinyanyuka, akaenda nyumbani kwake, akarudi na taa yake ya karabai. Mbele ya watu wote akaifungua, akaimimina kwenye dumu letu mpaka tone la mwisho, akaitikisa. "Rambirambi yangu," akasema. "Mchukueni ndugu yenu."

Tulirudi nayo imesimama wima, kichwa juu, nami nikawaambia Wamakonde waone jinsi Mmakua anavyosafiri akiwa hai. Nikazifuata chanjo misheni. Zuwena akaendelea kuja kuniuliza, "Bado tu?" mpaka siku ikafika, nikamwambia leo. Mtoto alipiga kelele ikasikika mpaka mikoroshoni. Zuwena alicheka, akalia, akanishika mkono wangu wenye sindano akaubusu, nusura anichome.

Fungu halikurudi. Mtasikia wakubwa wakisema huduma haikutetereka kwa miaka ile, na kweli haikutetereka, maana vijiji maskini vilizima taa. Hilo mkisikia, semeni mlielezwa na Mama Skola.

Zuwena aliniambia kesho yake kwamba jioni ile, baada ya sindano, mtoto alikuwa na homa kidogo, akawa anamnyonyesha mlangoni kwake, giza tupu, mtoto wake mwenyewe hamwoni uso. Ng'ambo ya uwanja, kwenye dirisha la zahanati, kulikuwa na kimoto kidogo cha bluu, peke yake katika kijiji kizima. Akasema alikaa pale akikiangalia mpaka mtoto akalala.